Mechi Isiyochezwa Ni ya Nani?

Ligi za vyuo vikuu vya Marekani zilijaribu kufuta mechi, mwaka uliofuata zikageukia ushindi wa mezani. Njia zote mbili ziliacha manung'uniko, na chanzo chake ni kimoja.

Jumatano ya Desemba 9, 2020, ligi ya Big Ten, ya futiboli ya Kimarekani, iliifuta kanuni ambayo yenyewe ilikuwa imeipitisha kwa ajili ya msimu huohuo. Kanuni ilikuwa fupi: timu isiyofikisha mechi sita haichezi fainali ya ligi. Chuo Kikuu cha Ohio State kilikuwa kimecheza mechi tano na kushinda zote. Mechi zake nyingine tatu zilikuwa zimeyeyuka kwa sababu ya Uviko-19, ya mwisho ikiwa ya mahasimu wa jadi, Michigan, iliyofutwa siku moja tu kabla. Kanuni ingebaki, nafasi ya kundi la mashariki katika fainali ingekwenda kwa Indiana, iliyokuwa imecheza mechi saba na kushinda sita.

Kanuni haikubaki. Ohio State ikaenda fainali Indianapolis, ikaifunga Northwestern 22-10, ikapangwa ya tatu kati ya timu nne zinazowania ubingwa wa taifa, ikaibamiza Clemson 49-28 katika nusu fainali, na safari yake ikakomea kwa Alabama, iliyoichapa 52-24 Januari 11, 2021. Indiana, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa wa Big Ten tangu 1967, iliachwa nje ya fainali.

Kuchagua upande katika kisa hiki si rahisi. Kipigo pekee cha Indiana kilikuwa kimetoka kwa Ohio State hiyohiyo, 42-35, Novemba 21. Aliyesema kwamba mshindi hawezi kukaa nyuma ya aliyemshinda alikuwa na hoja. Aliyesema kwamba kanuni haifutwi mwishoni mwa msimu eti kwa sababu imemnasa mkubwa, naye alikuwa na hoja. Walichotofautiana hasa ni swali ambalo ligi za vyuo bado hazijalijibu vizuri: mechi iliyokuwa kwenye ratiba isipochezwa, iandikwe vipi katika msimamo? Isihesabiwe kabisa, au aliyeshindwa kufika uwanjani ahesabiwe kupoteza na mwenzake apewe ushindi wa mezani?

MSIMU MFUPI, HESABU KALI

Msomaji wa soka ataona jambo hili ni dogo. Mechi ikishindikana kwa mvua, inakuwa kiporo na inachezwa Jumatano yoyote. Ligi Kuu yenye timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu, kwa hiyo mechi moja ni sehemu ndogo ya msimu.

Futiboli ya Kimarekani haina nafasi hiyo. Ni mchezo wa kugongana miili, wachezaji wamevaa helmeti na mapedi, na timu haiwezi kucheza mara mbili kwa wiki bila kuwaumiza vijana. Msimu wa kawaida una mechi 12 kwa kila chuo, karibu zote Jumamosi, na katika hizo ni nane au tisa tu zinazohesabika kwenye msimamo wa ligi. Zilizobaki ni za kirafiki kwa maana ya msimamo, ingawa zinaingia kwenye rekodi ya jumla ya chuo. Mechi moja ya ligi ikipotea, imepotea karibu sehemu moja kati ya nane ya ushahidi wote wa nani ni bora.

Hakuna pointi tatu wala sare. Msimamo hupangwa kwa asilimia ya ushindi. Aliyecheza mechi tano na kushinda zote ana asilimia 100. Aliyecheza saba na kushinda sita ana asilimia 85.7. Kwenye karatasi wa kwanza yuko juu, ingawa wa pili ameshinda mechi nyingi zaidi na amejianika kwenye hatari ya kupoteza mara nyingi zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba mchezo huu, ingawa ni wa wanafunzi, si mdogo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor una viti zaidi ya 107,000. Katika mfumo wa timu nne uliotumika wakati huo, ligi iliyoingiza timu katika nusu fainali ya taifa ilipata dola milioni 6 kwa kila timu. Kanuni ya mechi zisizochezwa, kwa hiyo, ni kanuni ya fedha nyingi.

FAIDA YA KUTOCHEZA

Ubaya wa kufuta mechi na kuendelea kana kwamba haikuwahi kupangwa ni kwamba kunamlinda anayeongoza. Aliyeko juu hana la kupata katika mechi inayofuata isipokuwa kubaki juu. Ana mengi ya kupoteza. Mechi ikifutwa, hatari inamwondokea, na anayemfukuza ananyimwa nafasi ya kumkamata.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1918, vita na homa kali ya mafua iliyoua mamilioni duniani viliharibu ratiba za vyuo. Ligi ya Big Ten ilimaliza msimu ikiwa na mabingwa watatu waliogawana taji: Illinois iliyoshinda mechi nne za ligi, Michigan iliyoshinda mbili, na Purdue iliyoshinda moja. Wote watatu walikuwa na asilimia 100. Purdue, kwa ushindi mmoja tu wa ligi, iliandikwa bingwa sawasawa na Illinois.

Mwaka 2020 mfano ulio wazi kuliko wote ulitoka pwani ya magharibi, katika ligi ya Pac-12. Kundi la kaskazini lilibaki na timu mbili zinazowania kwenda fainali: Washington, yenye ushindi mitatu na kipigo kimoja, na Oregon, yenye ushindi mitatu na vipigo viwili. Zilipangwa kukutana Desemba 12. Mechi ile ndiyo ingeamua. Ikafutwa, kwa sababu ya maambukizi ndani ya kikosi cha Washington.

Msimamo ulipopigwa hesabu, Washington ilikuwa na asilimia 75 na Oregon 60. Washington ikatangazwa kinara wa kundi. Yaani timu iliyoshindwa kufika kwenye mechi ya kuamua ndiyo iliyofaidika kwa mechi hiyo kutochezwa. Siku chache baadaye Washington ikajitoa kwenye fainali kwa sababu ileile ya wagonjwa, Oregon ikaingizwa badala yake, na Desemba 18 ikaichapa USC 31-24 mjini Los Angeles na kuwa bingwa. Oregon ikawa bingwa wa ligi ambayo haikuongoza hata kundi lake, na kama kungekuwa na haki tangu mwanzo, huenda ingeingia kwa mlango wa mbele.

Kwenye ligi ya ACC mambo yalikwenda hivyohivyo kwa sura nyingine. Septemba 26 Notre Dame ilipaswa kucheza na Wake Forest, ikashindwa kwa sababu ya wagonjwa wake yenyewe, na mechi ikasogezwa hadi Desemba 12. Ilipokaribia, ligi iliiondoa kabisa kwenye ratiba, na Notre Dame na Clemson zikahesabiwa kwa mechi tisa badala ya kumi, zikapata wikiendi ya kupumzika kabla ya fainali ambayo zilikutana zenyewe kwa zenyewe. Vinara walipewa mapumziko. Wake Forest hawakupata nafasi ya kumwangusha mkubwa.

USHINDI WA MEZANI WAINGIA

Mwaka 2021 ligi zilibadili mwelekeo. Julai, kamishna wa ligi ya SEC, Greg Sankey, alisema wazi kwamba safari hii hakuna kusogeza tarehe: timu itakayoshindwa kucheza itahesabiwa kupoteza. Kufikia Agosti ligi kubwa zilizobaki, yaani ACC, Big 12, Pac-12 na Big Ten, nazo zilikuwa zimetangaza kanuni za aina hiyo. Katika Big Ten, kwa mfano, timu isiyoweza kucheza inaandikiwa kipigo, mpinzani anaandikiwa ushindi, na ikiwa zote mbili haziwezi, mechi inahesabika kuwa haikuwapo.

Kwa nini zamu hii ya ghafla? Chanjo. Mwaka 2020 hapakuwa na mchezaji wa kulaumiwa kwa kuugua. Mwaka 2021 chanjo ilikuwapo kila kona ya Marekani, na wengi walikuwa wanaikwepa. Sankey alipotangaza msimamo wake alieleza pia kwamba ni timu sita tu kati ya 14 za ligi yake zilizokuwa zimefikisha asilimia 80 ya wachezaji waliochanjwa. Tishio la kipigo cha mezani lilikusudiwa kuwasukuma vijana kwenye foleni ya sindano.

Kama sera ya afya, ilikuwa na mantiki. Kama kipimo cha ubora wa timu, ilikuwa na kasoro kubwa, na kasoro hiyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikuwa imeiona zamani. Mwongozo wake wa takwimu unasema hakuna ushindi wa mezani mpaka timu zote ziwe uwanjani na mwamuzi awe ameshachukua usukani wa mechi. Timu ambayo haikutokea kwa sababu ya hali ya hewa, ajali, gari kuharibika, ugonjwa au janga haiandikiwi kipigo. Mechi inahesabika kuwa haikuwapo. Ligi inaruhusiwa kuandika ushindi na kipigo cha mezani kwa ajili ya msimamo wake tu, lakini rekodi ya jumla ya chuo haiguswi.

Matokeo yake ni vitabu viwili. Katika kitabu cha ligi, timu imepoteza. Katika kitabu cha NCAA, timu haijapoteza. Hata alama za mechi ya mezani zinakiri kwamba ni za kubuni: kanuni za futiboli zinasema mechi ikivunjwa huku timu iliyoonewa haiongozi, matokeo yaandikwe 1-0, alama ambazo hazipatikani katika mchezo wa kawaida wa vyuo.

CALIFORNIA YAENDA NA WALIOBAKI

Kanuni mpya ilipata mtihani Novemba 2021. Chuo Kikuu cha California, maarufu kama Cal, kilikumbwa na maambukizi ingawa karibu wachezaji wake wote walikuwa wamechanjwa. Novemba 6 kilitakiwa kucheza na Arizona mjini Tucson. Kujitoa kungemaanisha kipigo cha mezani. Cal ikasafiri na waliobaki, bila kwotabeki wake Chase Garbers na bila wachezaji wengine wengi. Ikapoteza 10-3 kwa timu iliyokuwa imefungwa mechi 20 mfululizo.

Wiki iliyofuata hali ikawa mbaya zaidi, mechi na USC haikuwezekana. Hapo sasa ligi, ambayo Agosti ilikuwa imetangaza kipigo cha mezani, ikaamua kuahirisha. Mechi ikachezwa Desemba 4, na Cal ikashinda 24-14.

Msimu ulipoisha Cal ilikuwa na ushindi mitano na vipigo saba. Ili chuo kialikwe kwenye moja ya zile mechi za heshima za mwisho wa mwaka zinazoitwa bowl, kwa kawaida kinahitaji ushindi sita. Cal ilikosa kwa mechi moja. Mechi iliyochezwa na kikosi pungufu ilihesabika kamili, na mechi iliyoahirishwa ilihesabika kamili, na tofauti kati yake ilikuwa ni wiki moja tu ya wagonjwa kuongezeka.

Kisa hiki kinaonyesha tatizo la kipigo cha mezani kwa ugonjwa. Kinamsukuma kocha kuhesabu waliosimama badala ya kumsikiliza daktari. Aliyekusudiwa kuadhibiwa ni mzembe aliyekataa chanjo. Aliyebanwa ni chuo kilichofanya karibu kila kilichoombwa. Na ilipofika mahali pa kuitumia kanuni yenyewe, ligi ikaona haya ikaikwepa.

TUUPIME MSIMU WA 2020 KWA KANUNI YA 2021

Tufanye jaribio. Chukua ubishi wa Ohio State na Indiana, kisha upitishe kanuni ya mezani.

Mechi ya Ohio State na Maryland ilikwama kwa wagonjwa wa Maryland: ushindi wa mezani kwa Ohio State. Mechi na Illinois ilisitishwa na Ohio State yenyewe, kocha Ryan Day akiwa miongoni mwa waliopatikana na virusi: kipigo cha mezani. Mechi na Michigan ilikwama kwa Michigan: ushindi mwingine wa mezani. Jumla, ushindi saba na kipigo kimoja, asilimia 87.5. Indiana na Purdue walikubaliana kwa pamoja kufuta mechi yao, kwa hiyo hiyo haipo. Indiana inabaki na ushindi sita na kipigo kimoja, asilimia 85.7.

Ohio State inaongoza tena, kwa wembamba wa unywele, na safari hii inaongoza kwa ushindi miwili ambayo haikuitolea jasho. Rekodi yake isiyo na doa inaingia doa la mechi ambayo haikucheza. Jibu ni lilelile, ila njia ya kulifikia ni ya ajabu zaidi.

Sasa hamia Washington na Oregon. Ukiitumia kanuni ya mezani kwa mechi yao hiyo moja tu, Washington inaandikiwa kipigo cha pili, asilimia 60; Oregon inapata ushindi wa nne, asilimia 66.7. Oregon inakwenda fainali moja kwa moja. Hapa meza inatoa jibu linaloonekana la haki kuliko kufuta, kwa sababu aliyekosa kufika hafaidiki kwa kukosa kwake.

Kwa hiyo si kweli kwamba kanuni moja ni ya haki na nyingine ya dhuluma. Kila moja inatenda haki pale penye tatizo la aina yake. Kufuta kunafaa pale mechi iliyopotea haikuwa na uzito. Meza inafaa pale anayejitoa ndiye angefaidika kwa kujitoa. Ligi zilichokosea ni kuchukua moja na kuifanya dawa ya kila ugonjwa.

NANI MKOSAJI?

Meza ina kikwazo kingine: inataka mkosaji ajulikane. Novemba 21, 2020, Clemson ilikuwa tayari iko Tallahassee kucheza na Florida State. Majibu ya kipimo yakaonyesha kwamba mchezaji mmoja wa Clemson aliyesafiri na wenzake ana virusi. Saa chache kabla ya mechi, madaktari wa pande mbili hawakuafikiana, mechi ikaahirishwa na haikuchezwa tena.

Kocha wa Clemson, Dabo Swinney, alikuja juu. Alidai kwamba korona ilikuwa kisingizio tu, na kwamba Florida State, ambayo haikutaka kucheza, ndiyo iliyopaswa kupoteza. Lakini mwenye mgonjwa alikuwa nani? Aliyeleta virusi uwanjani ni Clemson. Aliyekataa kuingia ni Florida State. Kanuni inayosema "asiyeweza kucheza amepoteza" haina jibu kwa timu inayosema inaweza kucheza lakini haikubali kucheza na mwenzake.

Swinney huyohuyo, alipopiga kura ya kupanga timu bora mwishoni mwa msimu, aliiweka Ohio State nafasi ya 11 kwa hoja kwamba ilicheza mechi sita tu. Kamati ya uteuzi iliona vingine: iliiweka ya tatu, na kuiacha nje Texas A&M yenye ushindi minane na kipigo kimoja. Ohio State ilimjibu Swinney uwanjani kwa zile 49. Ushindi huo ulionyesha kwamba Ohio State ilikuwa timu kali. Haukuonyesha kwamba Texas A&M ilitendewa haki, maana Texas A&M haikupata nafasi ya kuonyesha chochote katika mchujo huo.

Kuna pia anayebaki amevaa jezi bila mpinzani. Desemba 28, 2021, NC State ilikuwa San Diego ikisubiri kuanza Holiday Bowl, ikitafuta ushindi wa kumi wa msimu. UCLA ikajitoa saa chache kabla ya mechi. Kwa kufuata mwongozo wa NCAA, mechi haikuwapo: hakuna ushindi, hakuna kipigo, na safari ya kuvuka bara zima ikabaki hasara.

DAWA MBILI ZILIZOFANYA KAZI

Katika vurugu zote hizi ziko njia mbili ambazo zilileta matokeo ya kuheshimika, na zote mbili zilitegemea mpira kuchezwa.

Ya kwanza ni kulazimisha kiporo hata kikiuma. Oktoba 2016, kimbunga Matthew kilizuia mechi ya LSU na Florida iliyopangwa Gainesville Oktoba 8. Florida ilikuwa inawania kundi la mashariki la SEC, na kutoicheza mechi ile kungeweza kuipa nafuu ya asilimia. Ligi ilisimama imara: anayetaka fainali acheze mechi zote nane za ligi. Vyuo vyote viwili vikaacha mechi nyepesi vilizokuwa vimepanga, Florida ikakubali kwenda Baton Rouge badala ya kuwa mwenyeji, na Novemba 19 wakacheza. Katika jaribio la mwisho la mechi LSU ilikuwa yadi moja kutoka kwenye mstari wa ushindi; Florida ikamzuia mkimbiaji Derrius Guice, ikashinda 16-10 na kutwaa kundi. Hakuna aliyeuliza tena kama Florida ilistahili.

Ya pili ni kumruhusu aliyeachwa atafute mpinzani mwingine. Desemba 2020, Liberty ilishindwa kwenda kucheza na Coastal Carolina, timu ambayo haikuwa imepoteza mechi. Zikiwa zimebaki siku mbili, BYU, nayo haijapoteza, ikakubali kuvuka nchi kutoka Utah. Walicheza Desemba 5, Coastal ikashinda 22-17, na BYU ikasimamishwa hatua moja kabla ya mstari wa ushindi. Mechi iliyokufa ilizaa mechi bora kuliko ile ya kwanza.

Linganisha na Nebraska. Oktoba mwaka huohuo Wisconsin ilifuta mechi yao kwa sababu ya wagonjwa. Nebraska ikampata mpinzani mwingine, Chattanooga, na ikaomba ruhusa. Big Ten ikakataa, ikishikilia kwamba mechi ni za wanaligi pekee. Nebraska ikakaa nyumbani Jumamosi hiyo. Ni ligi hiyohiyo ambayo wiki sita baadaye ililegeza sharti la mechi sita kwa ajili ya Ohio State.

HATA KARIAKOO

Wapenzi wa soka Tanzania hawahitaji kusimuliwa ladha ya ubishi huu. Machi 8, 2025, Simba ilitangaza kwamba haichezi na Yanga baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga ikafika uwanjani na kudai pointi za mezani. Malumbano yakafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na mechi ikachezwa hatimaye Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Miaka minne nyuma, Mei 8, 2021, ilikuwa zamu ya Yanga kugoma baada ya muda wa kuanza mechi kusogezwa mbele, na mechi ile nayo ilikuja kuchezwa Julai 3.

Pamoja na kelele zote, mara zote mbili mpira ulichezwa na mshindi akapatikana kwa miguu. Tofauti na kisa cha Marekani ni kwamba huku hapakuwa na mgonjwa wala kimbunga. Palikuwa na timu iliyoamua kutocheza. Hapo ndipo hoja ya meza inapokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kuna uamuzi wa kuulizwa.

KANUNI GANI BASI?

Chanzo cha manung'uniko yote haya ni kwamba msimamo wa ligi umebebeshwa kazi mbili. Kazi yake ya asili ni kupima: nani amemshinda nani. Mwaka 2021 ulipewa kazi ya kuadhibu: nani hakuchanja, nani hakujitunza. Mwaka 2020 ulipewa kazi nyingine tena, ya kuhakikisha ligi inapeleka timu yake yenye nafasi kubwa kwenye mamilioni ya mchujo wa taifa. Adhabu na fedha zinapoingia kwenye karatasi ya kipimo, namba zilizomo haziaminiki tena.

Kwa maoni yangu kanuni nzuri ingekuwa hivi. Kiporo kwanza: kila ligi iache wikiendi moja tupu mwishoni, na mechi yenye kuamua nafasi ya fainali ipewe kipaumbele cha kuchezwa siku hiyo. Pili, aliyeachwa awe huru kutafuta mpinzani mwingine, na mechi hiyo ihesabike katika rekodi yake. Tatu, kipigo cha mezani kiwe cha anayekataa tu. Asiyeweza, kwa uthibitisho wa daktari wa ligi na si wa chuo chake, mechi yake ihesabike haikuwapo, lakini asiruhusiwe kumpita mpinzani kwa faida ya mechi ambayo yeye mwenyewe ameikosesha. Kwa kanuni hiyo ya tatu Washington isingetangulia mbele ya Oregon, na Cal isingelazimika kwenda Tucson na kikosi pungufu. Nne, hasara ya safari, tiketi na hoteli ilipwe na aliyejitoa. NC State isingepata ushindi wa kumi, lakini isingelipia safari ya bure.

Sharti la idadi ya mechi liwepo pia, likiwa na mlango wake wa dharura ulioandikwa tangu mwanzo. Big Ten ingeweza kuandika kabla ya msimu kwamba timu iliyopungukiwa inaweza kupita ikiwa imemshinda anayeifuata walipokutana. Ohio State ingepita kihalali kwa zile 42-35, na Indiana ingejua mapema kwamba hatima yake iko kwenye mechi ya Novemba 21, haiko kwenye kikao cha Desemba.

Haraka ya kuandika haya haijapungua kwa kuwa Uviko umepoa. Septemba 2024 kimbunga Helene kilifuta mechi ya Appalachian State na Liberty katika mji wa Boone, North Carolina. Appalachian State ilimaliza msimu na ushindi mitano na vipigo sita, mmoja pungufu ya ule ushindi sita wa kualikwa bowl. Na ligi zimekua: Big Ten sasa ina vyuo 18, vingi havikutani kabisa katika msimu mmoja, na makundi ya mashariki na magharibi yamefutwa ili timu mbili za juu ziende fainali moja kwa moja. Katika msimamo wa namna hiyo, mechi moja iliyokosekana inaweza kupanga timu nne kwa mkupuo. Wakuu wa ligi wana muda kila mwaka, kati ya Januari na Agosti, wa kuandika kanuni hiyo wakiwa hawajui itamkata nani. Wakingoja mpaka Desemba, watakuwa wanajua, na chochote watakachoandika kitasomwa kwa jina la timu iliyonufaika.